Moyo Unadunda, Usingizi Hauji: Barua Zenu Kuhusu Msongo wa Mawazo

Tuliomba mtuandikie kuhusu msongo wa mawazo wa kila siku, na karibu kila barua imebeba swali lilelile: "Naambiwa nitulie. Natuliaje?" Mna haki ya kuuliza. Mwili ukihisi hatari, liwe lori linalokuja ubavuni au ujumbe wa mdai kwenye simu, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, na baadaye kidogo kotisoli. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linaahirisha kazi yake. Hapo hata uambiwe "tulia" mara ishirini, mwili hausikii. Unachosikia ni pumzi, miguu, kikombe na saa ya kulala, na kila kimoja kina kipimo chake. Majina ya waandishi tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

Nilivuta pumzi ndefu, nikakaribia kuanguka

*Naendesha bodaboda hapa Mombasa, toka alfajiri hadi usiku. Jioni moyo hunidunda hata nikiwa nimekaa tu stejini. Mwenzangu aliniambia nivute pumzi ndefu ndefu. Nilipojaribu, kichwa kilizunguka, midomo na vidole vikafa ganzi. Je, ni ugonjwa wa moyo? Kwa siku nakunywa makopo manne ya kinywaji cha kuongeza nguvu, na jioni muguka kidogo nisisinzie.* (Mwendesha bodaboda, Likoni)

Kwa unavyoeleza, hiyo ganzi ililetwa na pumzi iliyozidi kipimo. Ukivuta na kutoa pumzi kubwa kubwa kwa haraka, unatoa kabonidioksidi nyingi kuliko ile mwili unayoizalisha. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayolisha ubongo husinyaa kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole zinakufa ganzi. Ukipunguza ukubwa wa pumzi, hali hurudi sawa baada ya dakika chache. Usifuate ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo anaweza kudhurika.

Kosa la mwenzako ni kuweka mkazo kwenye kuvuta. Moyo huongeza mwendo kidogo unapovuta pumzi na hupunguza unapoitoa, kwa kazi ya neva inayoitwa vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha kutoa, unaupa moyo muda mrefu zaidi wa kushusha mwendo.

Paki pikipiki pembeni, zima injini, vua helmeti. Kaa ukiwa umeegemea, kiganja kimoja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, pumzi ya kawaida tu, kiganja kiinuke na mabega yabaki chini. Kisha toa kwa midomo iliyobana kidogo, kama mtu anayepoza uji kijikoni bila kuumwaga, ukihesabu hadi sita. Hapo umetumia sekunde kumi. Pumzi sita ni dakika moja, thelathini ni dakika tano. Mwenye tasbihi ya punje 33 hana haja ya saa: punje moja kwa kila pumzi, ukimaliza duru ni dakika tano na nusu.

Mabega yakipanda unapumulia kifua, basi punguza pumzi. Hesabu ya sita ikikukaba, anza na tatu kwa nne, upande taratibu. Na usingoje hadi siku moyo unapodunda. Fanya asubuhi kabla ya kutoka na usiku kabla ya kulala, ukiwa mzima. Kuogelea hakujifunzwi siku mtumbwi umepinduka.

Ipo njia nyingine ya haraka kwa pale foleni inapokuchemsha: vuta kwa pua, ongeza kipumzi kidogo juu yake, kisha shusha yote kwa mdomo polepole hadi iishe. Ni ile kushusha pumzi ambayo mwili huifanya wenyewe baada ya kulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha mwaka 2023 matokeo ya watu walioifanya dakika tano kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja. Hisia zao za kila siku ziliboreka kuliko za wale waliokaa wakitafakari kimya.

Sasa tuje kwenye makopo, maana hata pumzi nzuri haiwezi kushindana nayo. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80 hivi za kafeini (soma kibandiko, mengine yana zaidi). Makopo manne ni 320. Ongeza vikombe viwili vya chai ya majani, kila kimoja miligramu 40 hadi 50, tayari umefika 400 au umeivuka, kiwango ambacho mtu mzima mwenye afya hashauriwi kukipita kwa siku. Kafeini huchukua kama masaa matano kupungua nusu, kwa hiyo ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado iko kazini. Muguka nao, kama miraa yote, una kathinoni, ndugu wa amfetamini, inayopandisha presha na mapigo na kufukuza usingizi. Unachochea moto kwa mikono miwili kisha unashangaa sufuria inachemka.

Usiache makopo yote kwa siku moja, kichwa kitakugonga kuanzia saa ishirini na nne za kwanza na utarudi mbio dukani. Punguza kopo moja kila baada ya siku tatu, ukianza na la mwisho la jioni. La asubuhi ndilo litoke mwisho. Muguka, hapana. Mtu anayehitaji majani ili asisinzie juu ya pikipiki anahitaji kushuka akalale.

Moyo ukidunda pamoja na maumivu ya kifua yanayokwenda begani, mkononi au tayani, jasho la baridi, au ukizimia, hiyo si kazi ya ukurasa huu. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Na hata bila dalili hizo, mdundo usiopungua baada ya kuacha makopo kwa wiki mbili upimwe.

Shingo imekuwa mbao

*Nakaa kaunta ya malipo kwenye duka la jumla Kariakoo, masaa kumi. Shingo na mabega vimekaza kama mbao, jioni kichwa kinauma. Jumamosi moja moja naenda mazoezi makali na vijana, Jumatatu siwezi kushuka ngazi. Nimeanza kuyachukia mazoezi yenyewe.* (Karani, Dar es Salaam)

Acha hayo ya Jumamosi. Misuli isiyozoea ikikamuliwa mara moja hupata michubuko midogo midogo, na maumivu yake hufika kileleni siku ya pili au ya tatu; ndiyo Jumatatu yako hiyo. Kwa msongo wa mawazo, kidogo cha kila siku kinashinda kingi cha mara moja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na kutembea kunatosha kabisa. Kasi ni hii: unaweza kumsimulia mwenzako bei ya nyanya lakini huwezi kuimba taarabu. Ukiweza kuimba, unatembea kama mtu anayeangalia vitambaa dirishani. Ukishindwa kusimulia, umezidisha. Kipimo kingine ni kuhesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25, ni hatua 100 kwa dakika, na hapo pametosha kwa watu wengi.

Wiki ya kwanza tembea dakika kumi tu, hata kama unajisikia kuendelea. Kila wiki ongeza dakika tano hadi nusu saa. Njia rahisi kwa mtu wa Kariakoo ni kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani; ukisubiri ufike nyumbani kwanza ndipo utoke tena, hutatoka. Begi libebwe mabega yote mawili, na viatu vya kazini viingie mfukoni. Ndala hazifai: vidole vinang'ang'ania kiatu kila hatua na unyayo unauma kabla pumzi haijaongezeka.

Shingo inatibiwa palepale kaunta. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi, na kila unavyokiinamishia kwenye kompyuta au droo ya fedha, misuli ya nyuma inakishikilia kisidondoke. Weka rimu mbili za karatasi chini ya skrini hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho. Halafu, kila baada ya dakika 40:

Rudisha kidevu nyuma bila kuinua wala kuinamisha uso, kana kwamba unajitengenezea kidevu cha pili. Shikilia sekunde tano, achia, rudia mara nane. Hutapendeza machoni pa wateja, lakini ndilo zoezi lenye faida kuliko yote ya kaunta. Kisha kalia kiganja cha kulia, laza kichwa upande wa kushoto mpaka usikie uvutano wa wastani begani, kaa hapo sekunde 20 hadi 30 ukipumua, badili upande. Mara mbili kila upande. Usidundishe, maana msuli unaodundishwa hujikaza kujilinda. Kile kichwa kinachozungushwa duara zima, mnachofundishana mitaani, kiacheni. Kinabana viungo vya nyuma ya shingo bila faida.

Ukisahau kuinuka, kunywa maji. Kibofu hakisahau.

Maumivu ya kichwa yanayokuja ghafla kwa nguvu, au ganzi inayoshuka mkononi, yapelekwe kwa daktari.

Mazoezi na funga

*Ramadhani nifanye mazoezi saa ngapi? Mwaka jana niliacha kabisa na nikawa mkali kwa watoto.* (Mama wa nyumbani, Unguja)

Tembea taratibu dakika 20 kabla ya magharibi, ili futari na maji vikukute umemaliza, au saa moja na nusu baada ya kufuturu. Mchana wa jua, hapana. Ule ukali wa siku za kwanza mara nyingi ni chai iliyokatwa ghafla: wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, punguza vikombe hadi kimoja cha asubuhi.

Nikishtuka saa nane usiku, ndiyo basi

*Mimi ni mwalimu. Nashtuka saa nane usiku nawaza mitihani, ada ya mwanangu, mama anayeumwa kijijini. Nimeamua kulala mapema, saa tatu niko kitandani, na natoka saa kumi na mbili asubuhi, lakini hali imezidi. Nikijumlisha vipande vipande, nalala kama masaa sita. Duka la dawa walinipa vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, huu mwezi wa pili.* (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, tuanze na hesabu. Unalala masaa sita lakini unakaa kitandani masaa tisa. Hayo matatu yanayobaki kitanda kinakuwa meza ya kuwazia, na ubongo ni mwanafunzi mzuri sana: ukifundishwa kila usiku kwamba godoro ni mahali pa kuwaza, utakariri. Kulala mapema kumeongeza muda wa somo.

Kwa hiyo geuza. Kwa wiki moja, ingia kitandani saa tano na nusu usiku, uamke saa kumi na mbili kamili asubuhi, Jumapili ikiwemo. Ni masaa sita na nusu. Siku tatu nne za kwanza utasinzia jioni. Vumilia, simama, osha vyombo, usilalie kochi. Usingizi unaocheleweshwa huja mzito na hukatika mara chache. Wiki ikiisha na sehemu kubwa ya muda huo unalala kweli, sogeza saa ya kuingia nyuma kwa dakika 15, yaani saa tano na robo. Wiki inayofuata tena robo saa, hadi ufike kiasi kinachokuacha mchangamfu mchana. Watu wazima wengi huhitaji masaa saba au zaidi. Usishuke chini ya masaa sita kitandani. Njia hii haifai kwa mwenye kifafa, mjamzito, mwenye historia ya ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka, wala dereva wa masafa. Hao waonane na daktari kwanza.

Ukishtuka saa nane, usiangalie saa. Ukihisi kama dakika 20 zimepita bila usingizi, ondoka kitandani. Nenda kaa kwenye kiti sebuleni, mwanga hafifu, fanya kitu kisicho na maana kubwa: kunja nguo, panga soksi. Kusahihisha madaftari, hapana. Utakuta jibu la kukuudhi ukaamka kabisa. Simu ibaki inachajiwa chumba kingine, na saa ya mezani ya bei rahisi ndiyo ikuamshe. Macho yakiwa mazito, rudi. Usiku wa kwanza unaweza kutoka mara tatu. Ni kawaida, na wengi huachia hapohapo, siku mbili kabla ya kuanza kuona faida.

Mawazo yenyewe yapangie kipindi kwenye ratiba, kama somo. Saa kumi na moja jioni, dakika 20, mezani, daftari na kalamu. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yale unayoweza kuyafanyia kitu, na mbele ya kila moja hatua ya kwanza na siku yake: "Ada: Jumanne, kumuuliza mhasibu kama naweza kulipa kwa awamu mbili." "Kulipa ada ya mwanangu" si hatua, ni kichwa cha habari. Kulia andika yasiyo mikononi mwako. Muda ukiisha, funga daftari hata kama hujamaliza. Saa nane usiku wazo likibisha hodi, lijibu kwamba zamu yake ni kesho saa kumi na moja. Mwanzoni halitasikia. Baada ya wiki mbili hivi huanza kusikia, kwa sababu kweli kila siku linapewa zamu.

Kabla ya kulala, dakika tano za kuorodhesha kazi za kesho nazo zina faida. Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, kilichapisha mwaka 2018 utafiti wa vijana 57: walioandika kazi zinazowangoja walipata usingizi mapema kwa karibu dakika tisa kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza.

Vidonge vya mafua viache. Vinasinzisha kwa pembeni tu, mwili unavizoea ndani ya siku chache, na asubuhi vinakuacha na kinywa kikavu na kichwa kizito, ambacho unakitibu kwa chai kali, ambayo inakurudisha saa nane usiku. Chai ya mwisho iwe ya saa sita mchana. Ukisinzia baada ya chakula, lala dakika 20 na kengele, kabla ya saa tisa alasiri.

Presha, magoti, na umri

*Nina miaka 66. Nameza dawa za presha. Watoto wanasema presha yangu ni mawazo tu, nifanye mazoezi niache vidonge. Magoti yananiuma kidogo.* (Mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee wetu. Vidonge usiache. Mawazo hupandisha presha kwa muda, lakini presha inayokutwa juu siku hadi siku ina mambo mengine ndani yake, na dawa ndiyo inayoizuia isipasue mshipa. Mazoezi yanaisaidia dawa kazi. Ikishuka sana, daktari ndiye atakayepunguza.

Pima vizuri kwanza, maana vipimo vingi vya sebuleni ni vya uongo. Kojoa, kaa umeegemea dakika tano bila kuzungumza, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo. Usiwe umekunywa chai wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, dakika moja katikati, uandike. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi. Pumzika, rudia kupima, na ikibaki hapo nenda kituo cha afya.

Zoezi lako ni kiti. Kiti kigumu cha miguu minne, kimeegemezwa ukutani, kimo cha goti. Nyayo ziachane upana wa mabega, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, inuka huku ukitoa pumzi, shuka polepole ukihesabu hadi tatu. Mara tano, pumzika dakika mbili, mara tano tena. Siku tatu kwa wiki. Usibane pumzi wakati wa kuinuka. Kubana pumzi na kusukuma hurusha presha juu kwa ghafla. Wanaojitupa kitini hukosa nusu ya faida, kwani kule kushuka polepole ndiko kunakoimarisha paja linalolishikilia goti.

Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi si neno. Likiuma bado kesho yake asubuhi, ulizidisha, punguza nusu. Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usijipime kwa mapigo, tumia kile kipimo cha kusimulia na kuimba tulichompa karani wa Kariakoo.

Mazoezi yatalipa deni langu?

*Mnatuambia tutembee, tupumue. Mimi nauza mitumba Mwanza. Nina deni la kikoba, la mkopo wa simu na la kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kali. Nawaza mchana kutwa. Mazoezi yatalipa?* (Mfanyabiashara)

Hayatalipa. Tunashukuru umeuliza waziwazi, maana ushauri wa afya mara nyingi hujifanya kama umaskini ni tabia mbaya.

Watu wa kabila la Washona, Zimbabwe, wana neno *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na ndilo ugonjwa wanaoutaja wakifika zahanati. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza huko Mbare, Harare, mpango wa Benchi la Urafiki: bibi wa mitaani waliopewa mafunzo wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kushika tatizo moja kwa wakati. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi hawakumlipia mtu deni. Unaweza kufanya vivyo hivyo na dada, rafiki au mzee wa mtaa anayejua kusikiliza na kufunga mdomo.

Mwaga yote kwenye karatasi: nani anakudai, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Wengi hawajawahi kuyaona madeni yao kwenye ukurasa mmoja, na huenda jumla ikawa ndogo kuliko ile ya kichwani. Chagua moja. Usichague kubwa, chagua linaloongezeka haraka, ambalo kwako bila shaka ni kausha damu. Andika njia zote, hata za kipuuzi: kuuza balo kwa bei ya hasara, kuomba kikoba kikuongezee muda ili fedha iende kausha damu kwanza, kumweleza ndugu fulani. Chagua moja inayowezekana ndani ya wiki hii, uipe siku, saa na mahali: "Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa mwenyekiti wa kikundi, kabla ya kikao." Kumwendea mwenyekiti kabla ya kikao ni tofauti kabisa na kukutwa huna mbele ya wanachama. Baada ya wiki rudini kwenye karatasi muone kilichokwama.

Kutembea kunaingia hapa: tembea dakika 20 ndipo ukae na karatasi. Kichwa kilichokaza hukimbilia suluhisho la kwanza linalojitokeza, na kwa mwenye deni, suluhisho hilo huwa ni mkopo mwingine.

Ila kama kwa wiki mbili mfululizo huna hamu ya chochote, chakula hakipiti, au unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie kitengo cha afya ya akili. Ukijiwa na wazo la kujidhuru, mwambie mtu leo, na aende na wewe hospitali leoleo. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1199, Msalaba Mwekundu, bila malipo.

Chumba cha hatua nne

*Nafanya kazi za ndani Muscat. Chumba changu ni hatua nne kwa tatu, nje joto halivumiliki. Namaliza kazi saa nne usiku, naongea na nyumbani hadi saa saba, kisha silali.* (Dada, Oman)

Dada, kusimama kutwa kunachosha misuli ileile bila kuilegeza. Ukimaliza kazi, kabla ya kuoga, tembea papo hapo dakika tatu ukiinua magoti usawa wa kiuno. Sukuma ukuta mara kumi, viganja usawa wa kifua, miguu hatua moja nyuma. Inuka kwa vidole vya miguu mara 15 ukishika mlango. Duru mbili, dakika kumi zimeisha.

Simu ipewe mpaka. Saa nne usiku kwako ni saa tatu nyumbani, bado wako macho. Ongea nusu saa, uage. Habari za fedha na ugomvi wa ndugu ziwekewe siku yako ya mapumziko, na uwaambie hivyo mapema wasione umewatenga.

Kitandani, fanya alichofundisha daktari Edmund Jacobson wa Marekani karibu miaka mia iliyopita. Lala chali. Kunja vidole vya miguu kwa nguvu sekunde tano, achia ghafla, sikilizia ulegevu kwa sekunde 15. Kisha vigimbi, mapaja, tumbo, ngumi, mabega yakivutwa kuelekea masikioni, mwisho uso mzima uukunje kama uliyeng'ata ndimu. Kaza kwa nguvu ya wastani, hasa vigimbi. Ukizidisha vinashikwa na mkakamao na utaruka kitandani. Usiku wa kwanza utamaliza mwili mzima ukiwa macho. Ukizoea, huenda usingizi ukakuchukua kabla hujafika kwenye ngumi, na si lazima kumalizia.